Vistari vinne vya Pretoria: kuchagua filta ya sauti kwa CW, SSB, FT8, AM na FM

Fungua redio kwenye 14.100 MHz, weka CW, yaani modi ya Morse, kisha tazama saa. Mizunguko ya pale ni ya dakika tatu tatu kuanzia saa kamili. Katika kila mzunguko, ikifika dakika moja na sekunde arobaini, inaingia bikoni (kituo cha kurusha ishara za kupimia) ya ZS6DN kutoka Pretoria. Inapiga jina lake kwa Morse, mwendo wa maneno 22 kwa dakika, halafu inavuta vistari vinne virefu, kila kimoja sekunde moja. Cha kwanza wati 100, cha pili wati 10, cha tatu wati 1, cha nne wati 0.1. Sekunde kumi baadaye ni zamu ya 5Z4B ya Kenya. Mtandao huo wa NCDXF na IARU, vyama vya redio ya ridhaa, una bikoni 18 duniani, na zote zinapokezana masafa hayohayo bila kugombana.

Mimi niko Morogoro, na 5Z4B mara nyingi inanipita juu kwa juu: bendi hii ya 14 MHz, mita 20, mchana hairudi chini karibu hivyo. Pretoria ndiyo hunifikia. Na ndiyo ninayoitumia kupima filta, kile kinachopitisha ishara unayoitaka na kukata za jirani, kabla ya kumshauri mtu atoe hela yake. Kila kistari kiko desibeli 10 chini ya kilichotangulia. Ukisikia viwili bila filta, ukaiweka ukasikia vitatu, hicho ni kitu cha kushika mkononi kuliko maneno ya muuzaji. Anga hubadilika, kwa hiyo rudia mara nne tano, ukiiweka na kuitoa, kabla ya kuamini.

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo mzee wangu. Nimepata FT-817 ya mtumba. Napiga CW, FT8 nayo sana, SSB jioni kidogo. Naona filta za kila namna, nyingine za kuchomeka ndani, nyingine spika. Ninunue ipi?" Marahaba, nikamjibu, lakini jibu lake lilikuwa refu kuliko simu inavyoruhusu. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyapanua kidogo. Kwa mgeni: SSB ni sauti ya mtu ikirushwa upande mmoja tu wa ishara, FT8 ni ujumbe mfupi unaosomwa na kompyuta, na RTTY ni maandishi ya teletaipu.

Wagombea wanne

Wa kwanza ni filta inayokaa ndani ya redio, kwenye hatua ya IF, kabla ishara haijawa sauti. Huwa ya vioo vya kwatzi au ya mekanika. Redio ya kijana, FT-817, ina nafasi moja tu ya filta ya ziada: ama YF-122S ya 2.3 kHz kwa SSB, ama YF-122C ya 500 Hz kwa CW. Zote mbili kwa pamoja haziingii. Hapo ndipo watu hukosa usingizi.

Wa pili ni kijiboksi cha analogi kinachoingia kati ya tundu la hedifoni na hedifoni zenyewe. Ndani yake mna opampu (vikuza ishara vidogo) mbili au nne, rezista na kapasita. Wamarekani wa zamani walikitengeneza kwa koili za 88 mH zilizotolewa kwenye laini za simu, na ukipata moja leo bado inafanya kazi yake vizuri, ila ni nzito kama jiwe la mizani.

Wa tatu ni boksi au spika yenye DSP: sauti inageuzwa kuwa namba, inasafishwa kwa hesabu, inarudishwa kuwa sauti. Kampuni ya bhi ya Uingereza inatengeneza spika za namna hii. MFJ ya Mississippi nayo ilikuwa na filta zake, lakini ilisimamisha uzalishaji kiwandani mwake mwaka 2024, kwa hiyo za kwake tafuta kwenye mtumba.

Wa nne ni redio yenyewe kuwa SDR, ambako ishara inakuwa namba mapema na filta zote ni programu. IC-7300 iko hivyo. Kidongo cha USB kikichomekwa kwenye kompyuta nacho kiko hivyo, ingawa kuwaweka hawa wawili sentensi moja ni kama kuweka lori na baiskeli kwa kuwa vyote vina magurudumu.

Kwa mwenye haraka, upana ninaoanza nao mimi ni huu (noti ni filta inayofuta mlio mmoja tu):

| Modi | Upana | Filta ya kutangulia | Zima |
|---|---|---|---|
| CW | 250–500 Hz | ya ndani, kisha analogi | noti ya kujiendesha |
| SSB | 2.1–2.7 kHz | ya ndani, kisha noti | – |
| RTTY | 300–500 Hz | ya ndani | noti ya kujiendesha |
| FT8 | 2.8 kHz na zaidi | acha wazi | kila kitu cha DSP |
| AM | 6–9 kHz | ya ndani | – |
| FM | 15–16 kHz | ya ndani tu | – |

Iko upande gani wa AGC?

Kabla ya upana na kabla ya bei, uliza filta inakaa wapi. AGC ni sehemu inayoirudisha redio nyuma ishara kubwa ikiingia, kisha kuiachia ikiondoka. Inaangalia kila kilichopita kwenye filta ya ndani. Haijui masikioni umevaa nini.

Chukua mfano. Filta ya ndani ni 2.4 kHz. Unamsikiliza jamaa wa Komoro, CW dhaifu, mlio wake uko 700 Hz. Kwenye 1,500 Hz anaibuka mtu wa Ulaya mwenye antena kubwa na mashine ya kilowati. Kijiboksi chako cha analogi kimeikata ile 1,500 vizuri kabisa, huisikii. Lakini AGC imeiona. Kila yule wa Ulaya akibonyeza funguo, wa Komoro anazama, akiachia, anaibuka. Unabaki na mtu anayepumua majini, na anayemzamisha humsikii hata kidogo. Watu wamerudisha filta nzuri kwa muuzaji kwa sababu hii, na filta haikuwa na kosa.

Filta ya IF ingemzuia yule mkubwa mlangoni, AGC isingemwona. Filta ya SDR nzuri hufanya vivyo hivyo, maana kwenye hesabu zake filta inatangulia AGC. Boksi la nje, la analogi au la DSP, haliwezi, hata liwe la bei gani. Dawa ya mwenye boksi la nje ni ya mkono: punguza nobu ya RF (nguvu ya kupokea) mpaka AGC ilale, kisha pandisha sauti kwa nobu ya AF (ya sauti). Sauti itakuwa na mabonde na milima, lakini jamaa wa Komoro hatazama tena.

Kuna kingine ambacho filta ya sauti haiwezi, na kinawahusu wanaojiundia vipokezi rahisi vya kubadilisha moja kwa moja. Kwenye vipokezi hivyo stesheni iliyo 700 Hz juu ya masafa yako na iliyo 700 Hz chini yake zote zinatoka kwenye sauti kama 700 Hz. Zimeshakuwa mlio mmoja. Huwezi kuchuja maziwa kutoka kwenye chai.

CW, mahali filta inapolipa

Kelele ya anga imetandazwa karibu sawasawa kwenye bendi, kwa hiyo ukipunguza upana, kelele inapungua kwa kadiri hiyo hiyo, na mlio wa Morse unabaki ulivyo. Kutoka 2.4 kHz hadi 500 Hz ni desibeli 7 hivi. Kutoka 2.4 kHz hadi 240 Hz ni desibeli 10 kamili: kistari kimoja kizima cha Pretoria. Hiyo ni hesabu. Sikioni faida huwa ndogo kuliko hapo, kwa sababu sikio la mpigaji mzoefu nalo ni filta; linaushika mlio mmoja na kuiacha kelele nyingine ipite. Wazee wa CW wanaokuambia hawahitaji filta hawadanganyi sana. Ila mwambie mzee huyo asikilize saa nne mfululizo bila filta, usiku, wakati wa mashindano. Uchovu ndio unaomshinda.

Basi kwa nini usibane mpaka 50 Hz? Kwa sababu filta nyembamba ni kama kengele: ukiigonga inaendelea kulia. Kwa maneno 22 kwa dakika nukta moja ina milisekunde 55 hivi. Filta ya 50 Hz inahitaji milisekunde kama 20 kuamka na nyingine kama 20 kunyamaza. Nukta inapoteza makali, nafasi kati ya nukta inajaa mkia, na herufi H inageuka kuwa uji. Kwa 250 Hz mkia ni milisekunde 4 tu, hausumbui. Kwa hiyo mimi naishia 250 Hz kwa kawaida, na nashuka 100 Hz pale tu ninapokuwa nimeshamjua mtu anaitwa nani na ninasubiri neno moja tu kutoka kwake. Redio kama IC-7300 hukuruhusu pia kuchagua kingo laini badala ya kingo kali. Kwa CW laini ndiyo inayosikilizika, hata kama kwenye picha kali inapendeza zaidi.

Ukitaka kujitengenezea ya analogi, twende mezani. Opampu moja, kitovu 700 Hz, upana 100 Hz: Q yake, yaani kitovu ukikigawa kwa upana, ni 7. Kwenye 1,400 Hz hatua hiyo moja inapunguza desibeli 20 tu. Jirani mwenye nguvu atakusumbua bado. Hatua mbili zinapunguza 40, na hapo mambo yanakuwa mazuri, lakini angalia: hatua mbili za 100 Hz zikifuatana, upana wa jumla unakuwa 64 Hz, si 100. Tengeneza kila moja kwa 150 Hz, upate 97 kwa pamoja. Kapasita tumia za poliesta, na uzipime kwa mita kabla ya kuzichomea. Zile za seramiki za bei rahisi zinaweza kukosea asilimia 10 au zaidi, na ikiwa hatua ya kwanza imekaa 640 na ya pili 770, umetengeneza filta ya kukata mlio unaoutaka.

Kisha kuna mtego ambao sijauona ukitajwa kwenye maboksi mengi. Redio yako ina mlio wake wa CW uliopangwa, tuseme 600 Hz. Ukimsikia mtu kwenye 600, ukimjibu, ishara yako inaangukia masafa yake. Sasa umevaa filta ya nje yenye kitovu cha 750 Hz. Unazungusha nobu mpaka mtu asikike vizuri, yaani kwenye 750. Ukimjibu, uko Hz 150 pembeni yake. Naye kama ana filta ya 250 Hz, upande mmoja una 125 tu; hakusikii. Unamwita, anaita CQ (mwito kwa yeyote) tena. Unamwita, anaita CQ tena. Unaanza kulaumu antena. Kabla ya kununua boksi lolote, hakikisha kitovu chake kinahamishika, au redio yako inakuruhusu kubadilisha mlio wake ufanane nalo.

Kwa CW, basi, mpangilio wangu ni huu: filta ya ndani ya 500 Hz kwanza, kisha analogi ya hatua mbili juu yake kama unapenda mitaa yenye msongamano. Boksi la DSP kwa CW peke yake naliona anasa. Kinachopunguza kelele humo kinafaa kidogo, na noti ya kujiendesha ni adui: kazi yake ni kutafuta mlio usiobadilika na kuuua, na mlio usiobadilika ndio CW yenyewe.

SSB, ambako kubana kunakula maneno

Hapa faida inageuka. Sauti ya mtu haikai mahali pamoja. Irabu zina nguvu chini ya 1 kHz, lakini kinachotofautisha neno na neno kiko juu: s, f, sh, t, k. SSB yenyewe imeshakata mengi ya hayo, kwani hupitisha 300 hadi 2,700 Hz hivi. Ukibana hadi 1.8 kHz unamwondoa jirani, na unaondoa konsonanti pamoja naye.

Jaribu kwa Kiswahili uone. Mwambie mwenzako akutajie namba, nawe ubane filta taratibu. "Sita" na "tisa" zina irabu zilezile, kwa mpangilio uleule. Tofauti yote iko kwenye s na t zilizobadilishana nafasi, na hizo ndizo zinazotangulia kupotea. Nimewahi kuandika ripoti ya tano-tisa mtu aliponipa tano-sita. Hakuna aliyeumia, ila ndiyo maana kwenye hali mbaya tunarudia namba na tunatumia alfabeti ya Alfa, Bravo.

Kwa hiyo 2.4 kHz kwa kawaida, 2.1 bendi ikijaa, 1.8 kwa dakika chache za dharura. Mara nyingi ni bora zaidi kuihamisha filta kuliko kuibana: kama kelele iko juu, shusha ukingo wa juu peke yake, kama kuna mngurumo wa umeme chini, pandisha ukingo wa chini hadi 300 au 400. Redio za SDR zinafanya hivi kwa kidole. Kijiboksi cha analogi kilichotengenezwa kwa SSB, chenye ukingo wa chini 300 na wa juu kama 2,500, ni kitu rahisi kinachosaidia sana kwenye redio za zamani zenye sauti ya mvumo, na kwa hilo sikidharau.

Kisha kuna filimbi: mtu anapima antena yake juu ya mazungumzo yenu na mlio mmoja wa 1 kHz unapasua kichwa. Noti ndiyo dawa. Ikiwa ndani ya redio kabla ya AGC, inaondoa filimbi na redio inabaki na nguvu yake. Ikiwa kwenye spika ya DSP ya nje, filimbi inapotea sikioni lakini mazungumzo yanabaki yamedidimia, kwa sababu ile ile ya jamaa wa Komoro.

Spika ya DSP inapata heshima yake hapa, si kwenye filta bali kwenye kupunguza kelele. Hesabu zake zinatafuta kinachofuatana kwa mpangilio, yaani sauti ya mtu, na kukandamiza kinachokuja ovyo, yaani mchwa wa kelele. Kwa kusikiliza mtandao wa SSB jioni huku unakula, inapumzisha mno. Usipandishe sana, ukipitiliza, watu wanaanza kuongea kama wako ndani ya pipa la maji. Na usitegemee ikupe stesheni usiyoisikia kabisa. Inasafisha kilichopo, haikiumbi.

Tuna pia QO-100, satelaiti iliyoko nyuzi 26 mashariki, inayoonekana kutoka Brazili hadi Thailandi. Ukiwa Afrika Mashariki dishi la TV unalielekeza karibu juu kabisa. Kule hakuna radi wala kelele za mawimbi mafupi, na SSB yake haitakiwi kuzidi 2.7 kHz. Kidongo cha SDR kinatosha na filta unaivuta kwa panya wa kompyuta. Mwenye mpango wa kusikiliza satelaiti hiyo peke yake asinunue filta yoyote. Anunue LNB (kipokezi cha kwenye dishi) iliyotulia.

FT8 na ndugu zake

FT8, waliyoitoa Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, ni modi inayotaka uiache. Kila ishara ina upana wa 50 Hz tu, na programu inachuja yenyewe, kadhaa kwa pamoja, ndani ya sekunde 15 za kila zamu. Inasoma hadi karibu desibeli 20 chini ya kelele ya 2,500 Hz. Sikio lako na boksi lako la opampu haviongezi kitu hapo. Vinapunguza.

Weka filta ya ndani iwe pana, 2.8 kHz au zaidi, na bapa. Zima kupunguza kelele, zima noti, na kama redio inaruhusu zima AGC au uifanye ya haraka. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la redio mpya: ukiiweka modi ya data, baadhi zinatoka kiwandani na filta ya 1.2 kHz kwenye modi hiyo. Maporomoko ya maji ya WSJT-X, yaani picha ya bendi kwenye programu ya FT8, yanaonyesha ukanda mmoja wenye mwanga na giza pande zote, na mtu anadhani bendi imekufa. Bendi iko hai. Filta ndiyo imefunga madirisha.

Kuna wakati mmoja wa kubana kwenye FT8: jirani wa mtaa ule ule anarusha kwa nguvu na anaisukuma AGC chini. Hapo filta ya ndani ya 500 Hz ikizungushwa kuacha jirani nje inaokoa. Ya nje haisaidii.

RTTY ni tofauti. Milio yake miwili imepishana 170 Hz, kwa hiyo 500 au hata 300 Hz ya ndani inaifaa sana, hasa siku za mashindano. PSK31, modi nyingine ya maandishi, haizidi 60 Hz hivi, lakini kwa kuwa watu wengi wanakaa pamoja kwenye maporomoko yaleyale, anza pana ndipo ubane unapompata wako.

AM, kisha FM kwa kifupi

Ishara ya AM ina pande mbili, kwa hiyo filta ya 6 kHz inakupa sauti ya hadi 3 kHz tu. Wanaosikiliza vituo vya utangazaji kwa raha wanataka 9. Matatizo ya AM mara nyingi ni filimbi: stesheni za mawimbi mafupi zimepangwa kila 5 kHz, na ukiwa na filta pana unasikia mlio mwembamba wa 5 kHz wa jirani. Hapa kijiboksi cha analogi kinachokata juu ya 4.5 kHz kinafanya kazi safi, kwa gharama ya opampu moja. Njia nyingine haina gharama kabisa: isikilize AM kwa modi ya SSB. Chagua upande usio na jirani, zungusha nobu mpaka mlio wa kati upotee, na umepata nusu safi ya stesheni.

Tukumbuke huku kwetu, Eneo la 1 la ITU, mita 40 za ridhaa zinaishia 7.200 MHz na watangazaji wanaanzia hapo hapo. Jioni, SSB kwenye 7.190 iliyo na filta dhaifu ya ndani ni kama kulala ukuta mmoja na ukumbi wa harusi.

FM filta ya sauti haiiponyi. Ishara yenye mchepuko wa 5 kHz na sauti ya 3 kHz inahitaji 16 kHz hivi, na ukiibana kabla ya kigunduzi (kinachogeuza ishara kuwa sauti) sauti inakatika na kukwaruza. Baada ya kigunduzi, kelele ya FM dhaifu imeshajichanganya na maneno. Kinachofaa ni kukata chini ya 300 Hz ili mlio wa CTCSS, ule wa chini unaofungua ripita, ulio kati ya 67 na 254.1 Hz, usikuvumie. Redio nyingi zinafanya hivyo zenyewe. Ukifuatilia kituo cha anga cha ISS kwenye 145.800, usitumie filta nyembamba kabisa: kinapopita, masafa yanahama zaidi ya 3 kHz kila upande.

Ambavyo filta haiondoi

Cheche za plagi ya bodaboda, umeme unaoruka kwenye kikombe cha nguzo, radi za masika. Hizi ni pigo fupi lililo pana, na filta nyembamba inalirefusha: tak inakuwa tooong. Kizuia-cheche cha redio lazima kitangulie filta, na kiko ndani, hakiuzwi kando. Kwa radi hakuna kinachosaidia sana. Zima, chomoa antena, kanywe chai.

Kidongo cha SDR nacho kina ugonjwa wake. Namba zake ni za biti 8, na kituo cha FM cha mjini kikikijaza, filta za programu zinazofuata zinachuja takataka. Kinahitaji filta ya antena mbele yake, kitu kingine kabisa. Kompyuta pia inachelewesha sauti, ambayo kwa msikilizaji si kitu, ila mpigaji wa CW anayetaka kujisikia anapopiga atakasirika.

Kijana wa Mwanza

Nilimwambia nafasi yake moja aiwekee YF-122C ya 500 Hz. FT8 inabaki kwenye filta pana ya kawaida, SSB ya jioni inabaki ilivyo, na CW inapata kilicho mbele ya AGC. Spika ya DSP asubiri. Kijiboksi cha SSB anaweza kukichomea mwenyewe Jumamosi moja. Na kwa kuwa redio ni ya mtumba, aifungue kwanza: mtu wa kabla yake huenda aliiacha filta ndani bila kuiwasha kwenye menyu.

Haikuwamo. Akaagiza, ikafika, akaiweka. Usiku ule ule akaniandikia kwamba Pretoria, iliyokuwa vistari viwili, sasa ni vitatu. Nikamuuliza kama alibadilisha kitu kingine chochote. Akakaa kimya kidogo, kisha akajibu: "Mzee, nilichomoa na kile kidhibiti cha sola, maana waya wake ulikuwa unanizuia kufungua kifuniko." Nimemwomba akirudishe, asikilize tena. Kesho jioni atanipa jibu.